Kabla ya Koti Jeupe: Mafunzo ya Tiba ya Dharura na Safari ya Kuelekea Udaktari

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Nne na Kidato cha Sita yanapotangazwa, vijana wengi waliosoma masomo ya sayansi hubaki majumbani kwa miezi kadhaa wakisubiri kupangiwa shule au vyuo. Wakiulizwa wanataka kuwa nani, wengi hujibu bila kusita kwamba wanataka kuwa madaktari. Ni jibu la kuheshimika, na wazazi hulifurahia. Hata hivyo, ni wachache kati ya vijana hao waliowahi kumhesabia mgonjwa pumzi zake, kuzuia damu inayotoka, au kukaa na mtu mwenye maumivu hadi msaada ufike. Wanaipenda kazi wasiyoijua kwa karibu.

Somo la toleo hili linahusu njia moja ya kuifahamu kazi hiyo mapema: kujifunza tiba ya dharura kabla ya kuanza masomo marefu ya udaktari, utabibu au uuguzi. Linaeleza mhudumu wa tiba ya dharura ni nani, kazi yake ilianzaje, anafundishwa nini, mipaka yake iko wapi, na ni hatua zipi ambazo kijana wa kata yoyote nchini anaweza kuzichukua sasa. Faida ya somo hili haiishii kwa kijana. Katika kata ambayo zahanati iko mbali na barabara hukatika wakati wa masika, mtu wa kwanza kumfikia mgonjwa huwa ni jirani, na mara nyingi uhai wa mgonjwa hutegemea anachokijua jirani huyo.

MHUDUMU WA TIBA YA DHARURA NI NANI

Mhudumu wa tiba ya dharura ni mtu aliyefunzwa kumhudumia mgonjwa au majeruhi kuanzia mahali anapopatikana, iwe ni barabarani, shambani, sokoni au nyumbani, na kumfikisha hospitalini akiwa hai bila hali yake kuharibika zaidi. Si daktari, si tabibu na si muuguzi. Kazi yake ni fupi kwa muda lakini nzito kwa matokeo, kwa kuwa dakika zilizo mikononi mwake hazirudi.

Nchini Marekani, ambako kazi hii ina ngazi zake rasmi, mwanafunzi wa ngazi ya msingi husoma kwa saa 150 hivi, darasani na kwa vitendo, kisha hufanya mitihani ya nadharia na ya vitendo. Anayesoma jioni na mwishoni mwa juma humaliza kwa miezi michache. Ngazi ya juu, ambayo mhudumu wake huitwa paramediki, huhitaji zaidi ya saa 1,000 za mafunzo.

Mhudumu wa ngazi ya msingi huruhusiwa kufungua njia ya hewa, kumpa mgonjwa oksijeni, kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kutumia mashine ya kushtua moyo, kuzuia damu, kufunga banzi kwenye mfupa uliovunjika na kumsaidia mama anayejifungua njiani. Haruhusiwi kupasua, kuandika dawa wala kumtangazia mgonjwa ugonjwa alionao. Mipaka hiyo ni sehemu ya mafunzo yenyewe, na umuhimu wake utaonekana mbele katika somo hili.

KAZI HII ILIVYOANZA

Watu wengi hudhani kwamba mataifa tajiri yamekuwa na magari ya wagonjwa yenye wataalamu tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1966, Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba vifo vya ajali vilikuwa vimepuuzwa kana kwamba si jambo la kitabibu. Ripoti hiyo ilieleza kwamba takriban nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini humo ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi. Sababu kubwa ilikuwa rahisi: magari yao yaliweza kumbeba mtu akiwa amelala. Majeruhi alipakiwa, akakimbizwa, na mara nyingi hakuna aliyemhudumia njiani.

Katika mji wa Pittsburgh, wakazi wa mtaa wa Hill District, ambao wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, walitegemea karandinga la polisi. Mgonjwa alilazwa nyuma, polisi wakakaa mbele. Mwaka 1967 daktari wa usingizi, Peter Safar, ambaye tayari alikuwa maarufu kwa kazi yake ya kufufua pumzi kwa njia ya mdomo kwa mdomo, alishirikiana na taasisi ya wakazi wa mtaa huo iliyoitwa Freedom House kuanzisha huduma mpya. Waliochaguliwa kufunzwa walikuwa vijana wa mtaa wenyewe. Wengi hawakuwa na ajira, na baadhi yao hawakuwa wamemaliza sekondari. Walifunzwa kwa takriban saa 300, zikiwemo saa za kukaa wodini na katika chumba cha upasuaji. Walipoanza kazi, katika mwaka wa kwanza pekee waliitikia miito inayokaribia 6,000.

Baadaye daktari kijana, Nancy Caroline, akawa msimamizi wao wa tiba. Alifanya nao kazi usiku na mchana, akaandika mtaala na kitabu cha kufundishia kilichotumika sana katika mafunzo ya paramediki. Ana uhusiano pia na ukanda wetu: katika miaka ya 1980 alifanya kazi Nairobi katika huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF.

Huduma ya Freedom House ilifungwa mwaka 1975 baada ya jiji kuanzisha huduma yake, lakini mafunzo hayakupotea. John Moon, ambaye kabla ya kujiunga alikuwa mhudumu wa kawaida hospitalini, alipanda ngazi hadi kuwa msaidizi wa mkuu wa huduma za dharura za jiji hilo. Historia hii ina fundisho moja kubwa kwa kila kata. Watu waliodhaniwa kuwa hawafai walipofunzwa vizuri na kusimamiwa vizuri waliokoa maisha ya majirani zao, na kwa baadhi yao mafunzo hayo yakawa mlango wa kuingia katika taaluma ya afya.

VYUO VINAVYOANZA NA GARI LA WAGONJWA

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa udaktari katika nchi nyingi alianza na vitabu: mifupa, misuli, kemia ya mwili. Mgonjwa alimkuta baadaye, akiwa amekwisha kuoshwa, amelala kitandani, na faili lake limefunguliwa. Mwanafunzi alijua majina ya mishipa kabla ya kujua namna ya kumwamkia mtu mwenye hofu.

Baadhi ya vyuo vimebadilisha mpangilio huo. Chuo cha udaktari cha Hofstra na Northwell katika jimbo la New York, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, kiliamua kwamba kila mwanafunzi afunzwe tiba ya dharura katika wiki za mwanzo kabisa za mwaka wa kwanza na apande gari la wagonjwa pamoja na wahudumu wenye uzoefu. Mwaka uliofuata, chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha South Carolina kilichoko Greenville kilifungua milango yake kwa utaratibu unaofanana: wanafunzi wote huanza na mafunzo hayo, kisha huendelea kushika zamu katika magari ya wagonjwa wakiwa bado masomoni.

Sababu yake inaeleweka. Anayemfuata mgonjwa nyumbani huona mambo ambayo faili la hospitali haliyaonyeshi. Huona jiko la kuni lililojaza moshi chumba cha mtoto mwenye pumu. Huona vidonge vya shinikizo la damu vilivyobaki nusu kwa sababu vimegawanywa kwa ndugu mwingine. Huona umbali kutoka nyumbani hadi barabarani, na huelewa kwa nini bibi alifika hospitalini siku ya tatu ya ugonjwa. Daktari aliyeyaona hayo hamkaripii mgonjwa kwa kuchelewa kabla ya kumuuliza alipotoka.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika tiba ya dharura kuinama huko ni kwa hakika, kwa sababu mgonjwa yuko chini, katika vumbi au tope, na anayetaka kumsaidia hupiga magoti.

FUNDISHO LA KWANZA: MPANGILIO WA MAMBO

Kiini cha mafunzo ya dharura ni mpangilio. Mhudumu hafundishwi kwanza majina ya magonjwa. Hufundishwa kitu gani kinaua haraka zaidi, na kwa hiyo kitazamwe mapema zaidi. Mfano ufuatao unaonyesha mpangilio huo.

Mwendesha bodaboda ameanguka kwenye njia panda. Mguu wake umepinda vibaya na anavuja damu. Watu wamekusanyika, mmoja anapendekeza anyanyuliwe akae, mwingine anataka anyweshwe maji, wa tatu anatafuta pikipiki ya kumkimbiza.

Mhudumu aliyefunzwa huanza kwa kutazama usalama wa mahali. Anamwomba mtu mmoja asimame kila upande wa barabara kuonya magari, kwa sababu msaidizi akigongwa, majeruhi watakuwa wawili. Anavaa glavu, asipokuwa nazo, hufunika mikono kwa mfuko safi wa plastiki. Kisha anaagiza mtu mmoja, kwa kumwonyesha kidole, apige simu. Ombi la kusaidiwa likitolewa kwa umati, kila mtu hudhani mwenzake amelitekeleza.

Damu inayobubujika hushughulikiwa papo hapo: kitambaa safi huwekwa juu ya jeraha na kukandamizwa kwa nguvu bila kuachia. Kisha hufuata hatua tano ambazo hazibadilishwi nafasi.

Ya kwanza ni njia ya hewa. Je, majeruhi anaongea? Anayeongea njia yake ya hewa iko wazi kwa wakati huo. Asiyeongea hutazamwa mdomoni kama kuna damu, matapishi au meno yaliyovunjika. Shingo haigeuzwi ovyo, kwa maana mtu aliyeanguka anaweza kuwa ameumia uti wa mgongo.

Ya pili ni upumuaji. Mhudumu hutazama kifua kikipanda na kushuka, na huhesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayepumua mara 35, au mara 6, yuko hatarini hata kama hana jeraha linaloonekana.

Ya tatu ni mzunguko wa damu. Mapigo ya moyo yanaenda kasi kiasi gani? Mikono imekuwa ya baridi na yenye jasho? Hizo ni ishara kwamba mwili unapoteza damu, pengine ndani ya tumbo ambako macho hayafiki.

Ya nne ni fahamu. Majeruhi yuko macho kabisa, au huitika akiitwa tu, au hushtuka akifinywa tu, au haitikii kabisa? Kipimo hicho cha ngazi nne hakihitaji kifaa chochote.

Ya tano ni kumfunua na kumkagua mwili mzima kwa heshima, ili jeraha la mgongoni lisifichwe na nguo, kisha kumfunika tena apate joto.

Mguu uliopinda, ambao umati wote unautazama, kwa kawaida hufika zamu yake baada ya hatua hizo. Unatisha kuutazama, lakini kinachoua kwanza ni hewa isiyopita na damu isiyozuiwa. Hapo ndipo lilipo fundisho ambalo mwanafunzi wa udaktari atalibeba maisha yake yote: kinachovuta macho si lazima kiwe ndicho kinachohatarisha uhai. Atakutana nalo tena akiwa bingwa wa upasuaji, na atakutana nalo katika wodi ya watoto, ambako mtoto anayelia kwa nguvu huweza kuwa na nafuu kuliko yule aliyenyamaza kimya kwenye kona.

Kama moyo wa mgonjwa umesimama, mpangilio hubadilika na kuwa mfupi: kifua hukandamizwa katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita, hadi msaada ufike. Ni kazi ya jasho, na dakika 2 zinatosha kumchosha kijana mwenye nguvu. Ndiyo maana wahudumu hupokezana.

FUNDISHO LA PILI: KUULIZA NA KUKABIDHI

Mhudumu hufundishwa pia maswali machache ya kumuuliza mgonjwa au ndugu zake. Anasikia nini mwilini? Kuna dawa au chakula kinachomdhuru? Anatumia dawa gani? Amewahi kuugua nini? Alikula au kunywa lini mara ya mwisho? Alikuwa akifanya nini kabla ya tukio? Maswali sita hayo huulizwa hata katika gari linalotikisika.

Majibu yake huandikwa na kukabidhiwa kwa muuguzi au daktari anayempokea mgonjwa. Taarifa nzuri ya makabidhiano haizidi dakika moja: umri wa mgonjwa, kilichotokea na saa kilipotokea, hali aliyokutwa nayo, alichofanyiwa, na mabadiliko yaliyoonekana njiani. Taarifa mbovu huongeza hatari. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa alitapika damu njiani ataanza uchunguzi akiwa nyuma ya ugonjwa.

Katika kukabidhi huko kuna funzo la unyenyekevu. Mhudumu humwacha mgonjwa mlangoni na mara nyingi hajui mwisho wake. Hapati shukrani za siku ya kuruhusiwa wala hapigwi picha. Kijana anayetaka udaktari kwa sababu ya heshima ya jina atalihisi jambo hilo mapema, na huenda akagundua kwamba wito wake uko kwingine. Kugundua hivyo baada ya saa 150 si aibu. Ni nafuu kubwa kuliko kugundua baada ya miaka 5 ya chuo na fedha za familia zilizouzwa pamoja na shamba.

MIPAKA AMBAYO HAINA BUDI KUSEMWA

Mafunzo ya dharura yana faida nyingi, lakini wazazi na vijana wayaelewe kwa kipimo chake.

Kwanza, hayachukui nafasi ya ufaulu. Hapa nchini, anayetaka kusomea shahada ya udaktari huhitaji kufaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa viwango vinavyowekwa, kisha husoma miaka 5 na kufuatiwa na mwaka 1 wa utarajali. Anayetaka kuwa tabibu kwa ngazi ya stashahada husoma miaka 3. Cheti cha huduma ya kwanza hakimruki mtu hatua hizo, na yeyote anayemwahidi mzazi kwamba cheti fulani kitampatia mtoto nafasi ya chuo kikuu anastahili kutiliwa shaka.

Pili, maarifa kidogo yanaweza kuleta kiburi. Mtu aliyefunzwa kuzuia damu hajafunzwa kuchoma sindano. Aliyejifunza kufunga banzi hajawa fundi wa mifupa. Kata zetu zimeshuhudia hasara za watu wanaotibu bila ruhusa, na kijana aliyepata mafunzo mafupi hapaswi kuongeza idadi yao. Kujua mahali pa kuishia ni ujuzi kamili.

Tatu, kazi hii huumiza moyo. Kijana wa miaka 18 au 19 anaweza kumshuhudia mtu akifariki mikononi mwake. Vyuo na vyama vizuri huwapa wanafunzi wao nafasi ya kuzungumza baada ya tukio zito, na familia nayo inapaswa kufanya hivyo. Kunyamaza kwa muda mrefu, kukosa usingizi na kujitenga ni dalili za kushughulikiwa, wala si udhaifu wa kufichwa.

Nne, kuna hatari za kiafya. Damu na majimaji ya mwili hubeba maambukizi. Glavu, kunawa mikono kwa sabuni na chanjo ya homa ya ini ni kinga ambazo mwenye kutoa huduma hapaswi kuzidharau.

HALI YA HAPA NCHINI

Tiba ya dharura kama taaluma ni changa nchini Tanzania, lakini imepiga hatua. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, liliandaa kozi fupi ya huduma za msingi za dharura kwa wahudumu wa afya, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuijaribu, pamoja na Uganda na Zambia. Hatua tano zilizoelezwa hapo juu ndizo msingi wa kozi hiyo.

Kwa upande wa usafiri, mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa upanuzi wa nchi nzima mwezi Aprili 2022, huwasafirisha bila malipo wajawazito, wanawake waliojifungua na watoto wachanga wanaopata dharura. Namba yake ni 115. Pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu, mfumo huo huwatumia madereva wa jamii waliosajiliwa. Jambo hilo linaonyesha ukweli wa maeneo mengi ya vijijini: katika safari ya kwenda hospitali, mwananchi wa kawaida ni sehemu ya huduma.

Kada ya mhudumu wa tiba ya dharura kwa namna ilivyo Marekani bado haijaenea katika halmashauri zetu. Mara nyingi gari la wagonjwa huwa na dereva na muuguzi. Kwa hiyo, kijana wa kata anayetaka kuanza hawezi kuiga njia ya New York hatua kwa hatua. Anaweza, hata hivyo, kuufuata mwelekeo wake kwa njia zilizopo.

Njia ya kwanza ni mafunzo ya huduma ya kwanza yanayotolewa na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962 na chenye matawi mikoani. Mbali na mafunzo, wanachama wa kujitolea hupata nafasi ya kuhudumu katika mikusanyiko na majanga chini ya usimamizi. Njia ya pili ni elimu ya uokoaji inayotolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa shule, masoko na vikundi. Njia ya tatu ni kazi ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye mpango wake jumuishi wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024; huko kijana hujifunza kubisha hodi, kusikiliza na kuandika taarifa sahihi. Njia ya nne ni kuomba, kwa barua na kwa kupitia uongozi, kujitolea katika zahanati au kituo cha afya kwa kazi zinazoruhusiwa kwa asiye mtaalamu.

Kabla ya kulipia kozi yoyote ya afya, mzazi ajiridhishe kwamba chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Aulize pia nani atasimamia mafunzo kwa vitendo na yatafanyika katika kituo gani. Chuo kisichoweza kujibu swali hilo la pili hakifundishi tiba, kinauza karatasi.

MASWALI YA KUJADILI

Maswali haya yanaweza kutumika nyumbani, katika klabu za wanafunzi wa sayansi na katika vikao vya vikundi vya vijana.

1. Kijana anayesema anataka kuwa daktari amewahi kumhudumia mgonjwa wa nani, na alijifunza nini kuhusu nafsi yake?

2. Mtu akizirai sokoni leo, ni nani katika mtaa au kitongoji anayejua kukagua njia ya hewa na upumuaji? Yuko umbali gani?

3. Katika mfano wa mwendesha bodaboda, ni ushauri gani wa umati ungeweza kumdhuru majeruhi, na kwa nini?

4. Waendesha bodaboda ndio mara nyingi huwafikia majeruhi kwanza. Chama chao kinaweza kujipangia vipi mafunzo ya huduma ya kwanza?

5. Kijana akifunzwa kisha asifaulu kwenda chuo cha udaktari, je, mafunzo yake yamepotea?

Swali la mwisho lina jibu lililo wazi. Asiyefika chuo kikuu lakini anajua kukandamiza jeraha, kumlaza ubavu mtu aliyepoteza fahamu anayepumua, na kueleza kwa simu mahali halisi alipo mgonjwa, ni hazina kwa kata yake. Na yule atakayefika chuo kikuu ataingia darasani akiwa amekwisha kumjua mgonjwa kama mtu mwenye jina, nyumba na safari ndefu nyuma yake.

NAMBA ZA DHARURA ZA KUHIFADHI

Dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga: 115. Zimamoto na uokoaji: 114. Polisi: 112. Anayepiga simu ataje kwanza mahali alipo, kwa kutumia alama inayojulikana kama shule, msikiti, kanisa au daraja. Kisha aeleze kilichotokea, idadi ya waathirika na hali zao. Asikate simu hadi aambiwe.

Kwa maelezo kuhusu mafunzo yaliyopo, wananchi wafike katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata au wawaulize watumishi wa zahanati na kituo cha afya kilicho karibu nao.